Kubadilisha Oili ya Injini: Sayansi Iliyomo Katika Kazi ya Saa Moja

Magari madogo siku hizi huonekana hata katika miji midogo. Mjini Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba katika Mkoa wa Singida, mwenye gari aweza kuwa mwalimu, muuguzi, mkulima au mfanyabiashara wa alizeti. Wengi wao humwachia fundi matengenezo yote, hata yale yaliyo mepesi, kama vile kubadilisha oili ya injini. Si vibaya kumtumia fundi. Hata hivyo, mwenye gari asiyejua kwa nini oili hubadilishwa hawezi kutambua kama kazi imefanywa sawasawa, wala hajui oili chafu iliyotoka imekwenda wapi.

Makala haya yanaeleza jinsi mtu anavyoweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe kwa mara ya kwanza, pamoja na sababu ya kila hatua. Mwanafunzi wa fizikia na kemia ataona kuwa sababu hizo zote amekwisha kuzisoma darasani: msuguano, mnato, kanieneo, mwako na uoksidishaji.

Kazi ya oili ndani ya injini

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka katika silinda, na mwendo huo hugeuzwa kuwa mzunguko na mhimili ambao mafundi huuita krenki. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Kama chuma kingegusana na chuma katika mwendo huo, joto la msuguano lingeviunganisha vyuma hivyo katika muda mfupi na injini ingekwama.

Kinachozuia jambo hilo ni utando wa oili. Katika beringi za krenki, unene wa utando huo ni mikromita chache tu, hali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Yawezekanaje utando mwembamba kiasi hicho ubebe mzigo mkubwa?

Jibu la swali hilo lilianza kupatikana Uingereza mwaka 1883. Mhandisi Beauchamp Tower alikuwa akichunguza beringi za aina iliyotumika katika ekseli za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, lakini ekseli ilipozunguka, oili ilipanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Aliliziba kwa kizibo, nacho kikasukumwa nje. Alipofunga kipimo cha kanieneo aliona kwamba oili ilikuwa na kanieneo inayozidi mara 13 ya ile ya angahewa. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alieleza kwa hisabati sababu yake: mhimili unaozunguka huiburuta oili na kuiingiza katika nafasi inayozidi kuwa nyembamba, na kwa kuwa oili ina mnato na haiwezi kutoka upesi, kanieneo yake hupanda hadi kuunyanyua mhimili. Hivyo mhimili huelea juu ya oili.

Jambo la kukumbuka hapa ni kwamba utando huo hutegemea mambo mawili: mwendo wa mhimili na mnato wa oili. Mnato ukipungua mno, utando hukatika. Ukizidi mno, oili hukawia kufika mahali panapohitajika injini inapowashwa asubuhi.

Oili pia huchukua joto kutoka kwenye pistoni, huziba nafasi ndogo kati ya ringi na silinda, huzuia kutu na hubeba uchafu hadi kwenye filta.

Maana ya namba zilizo juu ya kopo

Juu ya kopo la oili huandikwa namba kama SAE 40, 15W-40 au 20W-50. Herufi SAE ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambacho kilianza kupanga oili kwa madaraja mwaka 1911. Namba hizo hazionyeshi ubora wala uzito wa oili, bali mnato wake. Oili ya daraja la 40 ikiwa na jotoridi la nyuzi 100 za sentigredi huwa na mnato wa kati ya milimita za mraba 12.5 na 16.3 kwa sekunde. Maji yenye nyuzi 20 yana mnato wa karibu 1 kwa kipimo hicho hicho.

Namba inayofuatwa na herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka wakati wa baridi. Oili ya 15W-40, basi, hutiririka vya kutosha injini inapokuwa baridi, lakini hubaki na mnato wa daraja la 40 injini inapopata moto. Sifa hiyo hutokana na molekuli ndefu zilizochanganywa katika oili, ambazo hujikunja katika baridi na kujinyoosha katika joto.

Kopo huwa pia na herufi mbili au zaidi zinazoonyesha kiwango cha ubora. Katika utaratibu wa API, zinazoanza na S ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Kitabu cha gari hutaja aina inayotakiwa, na hicho ndicho cha kufuatwa.

Kwa nini mafuta ya alizeti hayafai

Singida inajulikana nchini kwa kilimo cha alizeti, na wanafunzi huuliza kwa nini mafuta yake yasitumike katika injini. Sababu ya kwanza ni mnato: katika nyuzi 100, mnato wa mafuta ya alizeti haufikii hata kiwango cha chini cha daraja la 30, ambacho ni 9.3. Sababu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni ya kikemia. Molekuli za mafuta ya alizeti zina vifungo pacha vya kaboni ambavyo huungana kwa urahisi na oksijeni, hasa penye joto. Matokeo yake ni utando unaonata. Yeyote aliyewahi kusugua kikaango kilichokaa na mafuta ya zamani ameyaona matokeo ya kemia hiyo. Ndani ya injini utando kama huo ungeziba njia za oili.

Historia inathibitisha jambo hili. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, ndege nyingi zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo. Yalilainisha vizuri, lakini yaliacha gundi, na injini zilihitaji kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara.

Kwa nini oili huchakaa

Watu wengi hudhani oili hubadilishwa kwa sababu imekuwa nyeusi. Dhana hiyo ina upungufu. Oili nzuri hutiwa kemikali zinazozuia masizi yasigandamane, na badala yake kuyafanya yaelee. Oili iliyogeuka kuwa nyeusi, hasa katika injini ya dizeli, yaweza kuwa inafanya kazi yake barabara. Oili huchakaa kwa sababu nyingine.

Kwanza, kemikali zilizotiwa humo huisha. Baadhi yake huzimua asidi zinazotokana na mwako, na nyingine huchelewesha uoksidishaji. Zikiisha, oili huwa nzito na asidi huanza kula beringi.

Pili, maji huingia. Petroli ni haidrokaboni, na tukichukua okteni kama mfano wake, gramu 114 zikiungua hutoa gramu 162 za maji. Kwa hesabu hiyo, lita moja ya petroli hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwa bomba la moshi yakiwa mvuke, lakini kiasi kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia katika oili. Gari likienda safari ndefu, injini hupata moto na mvuke huo hutoka. Gari linalozunguka mjini tu, kutoka nyumbani hadi shuleni na kutoka shuleni hadi sokoni, halipati joto la kutosha, na maji hubaki katika oili. Hivyo gari la Kiomboi lisilotoka mjini laweza kuharibu oili yake upesi kuliko linalokwenda Singida kila wiki, ingawa limetembea kilomita chache.

Tatu, vumbi huingia. Sehemu kubwa ya mchanga ni kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, nayo hukwaruza vyuma vingi vya injini. Punje iliyo nene kuliko utando wa oili huvuka utando huo na kuikata beringi. Katika barabara za changarawe za vijiji vya Iramba wakati wa kiangazi, vumbi hilo huingia kupitia njia ya hewa. Kwa hiyo kubadilisha oili pasipo kusafisha au kubadilisha filta ya hewa ni kazi nusu.

Vitabu vingi vya magari hutaja kilomita 5000 hadi 10000 kati ya badiliko moja na lingine, kisha huagiza kupunguza kiasi hicho, mara nyingi kwa nusu, penye vumbi, safari fupi fupi au mizigo mizito. Mwenye gari anayepanda Mlima Sekenke mara kwa mara akitoka Shelui na magunia ajihesabu katika kundi hilo la pili.

Maandalizi

Vitu vinavyotakiwa ni hivi: oili mpya ya aina na kiasi kilichotajwa katika kitabu (injini ndogo za petroli huchukua lita 3 hadi 4.5 hivi), filta mpya, wosha mpya ya bolti ya kumwagia oili, spana inayokaa sawasawa, beseni pana, faneli, matambara, glavu na kopo tupu lenye kifuniko. Kopo la oili likaguliwe kama lakiri yake ni nzima, kwa maana oili bandia zimo sokoni.

Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Likihitaji kuinuliwa, liinuliwe kwa jeki, kisha litulizwe juu ya stendi za chuma kabla mtu hajaingia chini. Jambo hili halina mjadala. Jeki peke yake yaweza kuteleza au kupoteza kanieneo yake, na tofali hupasuka ghafla bila dalili. Gari dogo lina uzito wa tani moja hivi, na waliopoteza maisha chini ya magari walikuwa wakifanya kazi ndogo kama hii. Asiye na stendi atumie shimo la gereji, au amwachie fundi hatua hiyo.

Hatua za kazi

1. Injini iwashwe kwa dakika tano hivi, kisha izimwe na kuachwa kwa robo saa. Oili yenye uvuguvugu ina mnato mdogo, hivyo hutoka upesi pamoja na uchafu unaoelea ndani yake. Oili iliyotoka safarini hukaribia nyuzi 100 na huunguza ngozi.

2. Kifuniko cha kutilia oili kifunguliwe. Hewa ikiingia juu, oili hutoka chini kwa mtiririko ulio sawa, kama vile dumu la maji linavyotoa maji vizuri likitobolewa tundu la pili.

3. Bolti ya kumwagia itafutwe chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini. Hapa wanaoanza hukosea: giaboksi nayo ina bolti inayofanana na hiyo. Aliyeifungua kwa makosa humwaga oili ya giaboksi yote, kisha hujaza injini ambayo tayari imejaa, na hivyo huharibu vitu viwili kwa mara moja. Oili ya giaboksi ya otomatiki kwa kawaida ni nyekundu. Ikianza kutoka nyekundu, bolti irudishwe mara moja.

4. Beseni liwekwe, bolti ilegezwe kwa spana kinyume cha mwendo wa saa, kisha imaliziwe kwa mkono huku ikisukumwa kwa ndani, ili oili isimwagike kabla ya mkono kuondoka. Oili iachwe ichuruzike mpaka ibaki matone.

5. Filta ya zamani ifunguliwe. Pete yake ya mpira ikaguliwe kama imetoka nayo. Pete ya zamani ikibaki imenata kwenye injini na filta mpya ikafungwa juu yake, pete mbili hazitahimili kanieneo, na injini itatema oili yote barabarani. Pete ya filta mpya ipakwe oili kidogo, kisha filta ifungwe kwa mkono mpaka iguse, na kuongezwa kiasi cha robo tatu ya mzunguko.

6. Bolti irudishwe pamoja na wosha mpya, ianzwe kwa vidole, kisha ikazwe kwa kipimo kilicho kitabuni. Kikiwa nyutonimita 40 na spana ina urefu wa mita 0.2, kani inayotakiwa ni nyutoni 200, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 20. Nguvu zaidi ya hapo hukata meno ya sampu ya aluminiamu.

7. Oili mpya itiwe, pungufu kidogo ya kiasi kilichotajwa, kisha ipimwe kwa kijiti cha oili. Isizidi alama ya juu. Ikizidi, krenki huipiga na kuifanya povu. Povu lina hewa, na hewa hugandamizika, hivyo utando hushindwa kubeba mzigo.

8. Injini iwashwe bila kukanyagwa. Taa nyekundu ya oili izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe papo hapo. Baada ya dakika mbili, injini izimwe, chini ya gari pakaguliwe kama panavuja, na baada ya dakika chache nyingine oili ipimwe tena na kuongezwa hadi ifike kiasi chake.

9. Tarehe na kilomita ziandikwe katika daftari la gari.

Kazi haijaisha

Kufikia hapa gari liko tayari, lakini kuna beseni lenye lita nne za oili chafu. Mahali pengi oili hiyo hupakwa nguzo na mbao ili kuzuia mchwa, hunyunyizwa uani kutuliza vumbi, au humwagwa nyuma ya nyumba. Desturi hizi zina hatari. Oili iliyotumika huwa na vipande vya metali vilivyosagika na haidrokaboni zenye pete nyingi za kaboni, ambazo hutokana na mwako. Katika majaribio ya wanyama, oili iliyotumika ilipopakwa ngozini mara kwa mara ilisababisha saratani. Ndiyo maana glavu zimetajwa miongoni mwa vifaa, na ndiyo maana nguzo ya zizi au ya kibanda cha watoto haipaswi kupakwa oili hiyo.

Hatari kwa maji ni kubwa zaidi. Lita nne zikitandazwa juu ya maji kwa unene wa mikromita moja zitafunika mita za mraba 4000, eneo linalozidi nusu ya uwanja wa mpira. Utando huo huzuia oksijeni kuingia majini. Katika Iramba, ambako watu wengi hutegemea visima na mabwawa katika miezi ya ukame, jambo hilo si dogo. Aidha, jiografia ya mahali hapa ina somo lake. Maji ya bonde la Wembere huingia Ziwa Kitangiri, na kutoka huko hufuata Mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi, ambalo halina mto unaotoka kwenda baharini. Maji hutoka kwa kugeuka mvuke tu, na metali zilizobebwa nayo haziendi pamoja na mvuke huo. Kinachomwagwa katika bonde hili hubaki katika bonde hili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kutupa taka za hatari ovyo. Njia ifaayo ni nyepesi: oili chafu itiwe katika kopo ililotoka oili mpya, ifunikwe vizuri, iandikwe, na iwekwe mbali na watoto na moto. Isichanganywe na maji wala petroli. Filta ya zamani igeuzwe ichuruzike usiku kucha. Walimu watano wa shule moja, kila mmoja akibadilisha lita nne mara tatu kwa mwaka, watakusanya lita 60. Kiasi hicho chatosha kupelekwa kwa pamoja kwenye gereji kubwa au kituo cha mafuta kinachowauzia wakusanyaji wenye kibali. Oili hiyo huweza kusafishwa ikatumika tena, au kuchomwa katika tanuri za saruji, ambamo joto hupita nyuzi 1400 na haidrokaboni zile huvunjika.

Jaribio la darasani

Chukua chupa mbili ndefu za kioo chembamba zinazolingana. Jaza moja mafuta ya alizeti na nyingine oili mpya ya injini. Dondosha gololi ndogo ya chuma katika kila moja, na upime muda inaotumia kufika chini. Kisha ziweke chupa zote mbili katika maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa na urudie. Chora jedwali la muda na jotoridi.

Kwa jaribio la pili, dondosha tone moja la oili iliyotumika juu ya karatasi ya chujio na uache mpaka kesho yake. Doa likisambaa kwa rangi ya kijivu iliyo sawa, kemikali za kueleza masizi bado zinafanya kazi. Likibaki jeusi tii katikati na jeupe pembeni, zimekwisha.

Maswali

1. Kwa nini beringi huchakaa zaidi injini inapowashwa kuliko inapokuwa safarini? Tumia maelezo ya Reynolds.

2. Gari limetumia lita 30 za petroli. Kadiria kiasi cha maji kilichotokea katika mwako, na ueleze kwa nini si maji yote yanayoonekana.

3. Mtu amechomeka bomba katika spana ya mita 0.2 hata urefu ukawa mita 0.8, naye akavuta kwa kani ile ile ya nyutoni 200. Bolti imepata nyutonimita ngapi, na nini kitaipata sampu?

4. Kadirieni idadi ya magari na pikipiki katika mtaa wa shule yenu. Oili chafu inayotoka kwa mwaka ni lita ngapi, na hivi sasa inakwenda wapi?